Gitaa Lisilo na Jina

Mji wa Kisumu umeketi ukingoni mwa Ghuba ya Winam, ambayo ni mkono wa Ziwa Viktoria ulionyoshwa kuelekea mashariki. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapa mwezi wa Desemba 1901, na tangu siku hizo mji huu umekuwa mlango wa watu na bidhaa za nchi nyingi. Mtu atokaye katikati ya mji kwa barabara ya Kakamega hafiki mbali kabla ya kulikuta soko la Kibuye. Siku ya Jumapili soko hilo hufurika. Huuzwa humo omena na mahindi, nguo za mitumba, majiko, masanduku na vitanda. Na pembeni nyundo za mafundi wa jua kali hazinyamazi. Ni shida kukiona Kibuye kitu kilichokufa kabisa. Baiskeli iliyovunjika hutoa minyororo, redio iliyoungua hutoa sumaku, na kitanda cha marehemu hutoa mbao.

Miaka michache iliyopita nilikwenda sokoni humo kutafuta gitaa. Au, kwa kusema kweli zaidi, kutafuta vitu ambavyo vilikuwa havijawa gitaa bado. Nilifuatana na mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu nifundishacho. Kijana huyo alikuwa amedhamiria kuunda kwa mikono yake mfano wa gitaa la umeme la Kimarekani liitwalo Telecaster, kwa kuwa lile la asili halikuwa la kimo cha mfuko wake. Habari ya gitaa hilo ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Walakini, kabla sijaisimulia, yafaa kwanza tutazame njia ndefu ambayo chombo hicho kilipita hata kikafika mikononi mwa kijana wa pwani ya ziwa. Maana kitu kisichojulikana asili yake hakijulikani thamani yake.

Kabla ya gitaa, nchi ya Waluo ilikuwa na nyatiti. Chombo hiki kina nyuzi nane zilizovutwa kutoka mti wa juu hadi bakuli la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi. Vidole vyake hucheza na nyuzi, na kidole gumba cha mguu huvikwa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo huugonga mti wa chombo na kutoa mapigo. Mguuni hufunga njuga ziitwazo gara. Hivyo mtu mmoja huwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja. Waluo humwita mtu huyo jathum. Katika arusi alisifu, katika matanga alilia pamoja na wafiwa, na katika nyimbo zake majina ya watu na koo yalihifadhiwa kama mtama ghalani.

Gitaa lilikuja baadaye, nalo lilikuja kwa njia nyingi: kwa bandari, kwa reli, kwa sahani za santuri na kwa askari. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari wa King's African Rifles walirudi kutoka Burma na kwingineko wakiwa wamesikia muziki wa mataifa mengine. Mmoja wa watu waliotumikia katika burudani ya askari hao alikuwa Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, ambaye alikuja kuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Upande wa magharibi, katika Katanga, Mwenda Jean Bosco alikuwa akipiga gitaa kavu kwa vidole viwili kwa ustadi uliowashangaza wote waliomsikia. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Kiafrika, alimnasa sauti mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, na santuri zake zikaenea hata Kenya. Karibu na Kisumu, katika nchi ya Waluhya, George Mukabi alipiga gitaa lake huku mwenziwe akitia mapigo kwa chupa ya soda. Mukabi alifariki mwaka 1963, lakini mtindo wake, uitwao omutibo, ulibaki vidoleni mwa wengi.

Gitaa la dukani lilikuwa ghali, na hamu ya vijana haikungoja bei ishuke. Wengi walijiundia la kwao. Debe la mafuta lilikuwa tumbo, kipande cha ubao kilikuwa shingo, na nyuzi zilichambuliwa kutoka waya za breki za baiskeli. Wazee waliwacheka, na pengine waliwaadhibu kwa sababu ya breki zilizopotea. Lakini mwana wa mhunzi, asiposana, huvukuta. Katika debe hilo kijana alijifunza jambo kubwa: kwamba uzi ukifupishwa sauti hupanda, na ukilegezwa sauti hushuka. Siku aliposhika gitaa la kweli, vidole vyake vilikuwa vimekwisha kujua njia.

Sasa natuvuke bahari kidogo. Gitaa la kawaida hupata nguvu ya sauti kwa tumbo lake lenye uwazi. Gitaa la umeme halihitaji tumbo hilo. Mwaka 1831 Michael Faraday, mtaalamu wa Kiingereza, alionyesha kwamba mabadiliko ya nguvu ya sumaku karibu na waya uliozungushwa huzaa umeme ndani ya waya huo. Karne moja baadaye, huko California, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker waliitumia kanuni hiyo hiyo katika gitaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba, umeme mdogo huzaliwa, ukifuata mtetemo wa uzi. Umeme huo hupelekwa katika kikuza sauti, na sauti hutoka kubwa. Ndiyo sababu nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki, ambazo hutumika siku hizi katika nyatiti, hazifai kabisa kwa gitaa la umeme. Sumaku haiusikii uzi usiokuwa wa chuma.

Katika jimbo hilo hilo la California, mjini Fullerton, aliishi Leo Fender, aliyezaliwa mwaka 1909. Alikuwa amesomea uhasibu, kisha akafungua duka la kutengeneza redio. Mtu huyu, aliyebuni baadhi ya magitaa mashuhuri kupita yote duniani, hakujua kupiga gitaa. Alilitazama kwa jicho la fundi. Aliona kwamba gitaa laweza kuwa ubao mzima usio na uwazi, na shingo yake yaweza kushikwa kwa skrubu nne tu, ili ikiharibika ing'olewe na kutiwa nyingine. Mwaka 1950 kiwanda chake kilianza kuuza gitaa la namna hiyo. Halikuwa na nakshi wala madaha. Liliundwa kama vile seremala aundavyo kitanda kizuri: kila kiungo kina kazi yake, na kila kiungo chaweza kubadilishwa. Sifa hiyo ililifanya liwe rahisi kuundwa kwa wingi kiwandani. Na sifa hiyo hiyo imelifanya liwe rahisi kuigwa na fundi maskini aliye mbali.

Magitaa ya umeme yalipofika Afrika Mashariki, wapigaji wa pwani ya ziwa hawakuyatumia kama walivyoyatumia wenyewe Wamarekani. Katika miaka ya 1960 ulizaliwa muziki uitwao benga. Watu hubishana nani aliyeuanza, nami sina haja ya kuingia katika ubishi huo. Lililo wazi ni kwamba gitaa la kwanza katika benga hupigwa uzi mmoja mmoja, upesi upesi, likijibizana na mwimbaji, kisha hupewa uwanja wake peke yake, kama nyatiti ilivyofanya tangu zamani. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati upande wa Tanzania, aliuongoza muziki huo kwa miaka mingi na kundi lake la Shirati Jazz, hata alipofariki kwa ajali ya barabarani karibu na Kisumu mwezi wa Mei 2006. Ochieng Nelly na Collela Mazee walipata sifa kwa kundi la Victoria Jazz. Santuri zilitolewa Nairobi, na Kericho pia katika nyumba ya Chandarana. Mtoaji mwingine wa santuri, Phares Oluoch Kanindo, alizieneza mbali hata wasikilizaji wa Zimbabwe wakauita muziki huo wote kanindo, kwa jina lake.

Hapa na tusimame kidogo tufikiri. Je, vijana wale waliiga? Bila shaka waliiga. Chombo kilikuwa cha wageni, na mitindo ya kwanza waliisikia katika santuri za Katanga na kwingineko. Lakini katika kuiga walikitia chombo kigeni ulimi wa nyumbani. Mgeni alifundishwa lugha ya mwenyeji, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kuwa alikuwa mgeni. Kuiga kwa namna hiyo ni shule. Iko pia namna nyingine ya kuiga, nayo nitaieleza kwa kisa cha mwanafunzi wangu.

Kijana yule alianza na ubao. Katika uwanja wa seremala mmoja wa Kibuye tulipata mbao mbili za mvule zilizotoka katika kitanda kikuukuu, zimekauka kwa miaka mingi. Aliziunga kwa gundi ubavu kwa ubavu, akaupiga randa ubao huo mpaka unene wake ukawa kiasi cha milimita 44. Umbo alilipata katika picha: aliigawa picha kwa miraba midogo, akachora miraba mikubwa juu ya karatasi, akalihamisha umbo mraba kwa mraba. Kisha akalikata kwa msumeno, akalilainisha kwa tupa na msasa.

Shingo ilimfundisha unyenyekevu. Katika shingo ya gitaa kuna vipande vya chuma vinavyokatisha, ambavyo mpigaji huukandamiza uzi nyuma yake apate sauti tofauti. Mahali pa vipande hivyo hapachaguliwi kwa macho, bali kwa hesabu. Urefu wa uzi katika gitaa aliloiga ni milimita 648. Urefu huo hugawanywa kwa 17.817, na jibu, yaani milimita 36.37, ndilo umbali wa kipande cha kwanza. Urefu uliobaki hugawanywa tena kwa 17.817 kupata cha pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kipande cha kumi na mbili lazima kianguke katikati kabisa ya uzi, yaani milimita 324. Mwanafunzi wangu aliona sehemu za milimita kuwa ni kitu kidogo, akaziacha. Aliandika 36, kisha 34, kisha 32, na kuendelea. Alipofika kipande cha kumi na mbili alikuwa na milimita 318. Makosa kumi na mawili, ambayo hata moja halikuonekana kwa jicho, yalikuwa yameungana yakawa milimita 6, na gitaa halikuimba, lililia. Shingo hiyo ilikwenda jikoni ikawa kuni. Ya pili aliipima yote kutoka mwanzo mmoja, bila kuacha sehemu. Vipande vya chuma alivifanya kwa spoku za baiskeli, na nyuma ya shingo akachimbia ukanda wa chuma ili mvuto wa nyuzi usiipinde.

Kilichobaki kilikuwa moyo wa gitaa, yaani kinasa cha mtetemo. Sumaku tuliipata katika spika iliyopasuka. Misumari sita iliyokatwa vichwa ilisimamishwa juu yake, mmoja chini ya kila uzi. Waya wa shaba, mwembamba kama unywele, ulitoka katika transfoma ndogo ya redio ya zamani. Kijana alikifunga kiunzi chake katika keekee, akawa anazungusha taratibu, nami nikihesabu. Tulipopita mizunguko elfu tano waya ulikatika. Hakusema neno. Alizitafuta ncha mbili kwa sindano, akazikwangua, akaziunga kwa risasi, akaendelea. Nimefundisha somo la subira mara nyingi, lakini sijapata kulifundisha vizuri kama nilivyofundishwa usiku ule.

Kitu kimoja tu hakikuweza kupatikana kwa kuokoteza: funguo za kukazia nyuzi, pamoja na nyuzi zenyewe. Hizo zilinunuliwa mpya, na fedha nilimkopesha mimi. Namtaja mkopo huo kwa makusudi, kwa kuwa baadaye ulinijaribu.

Siku gitaa lilipokwisha tuliliunganisha na redio ya betri yenye tundu la kuingizia sauti. Lilikuwa na mvumo kama wa nyuki, na mvumo huo haukuondoka kabisa hata leo. Lakini aliposhika uzi wa kwanza na kupiga kipande cha benga, wanafunzi waliokuwa wakifua nguo uani waliziacha ndoo zao wakaja mlangoni.

Habari zilitembea. Baada ya siku chache alikuja mnunuzi. Alilitazama gitaa, akalipenda, akataja bei. Kisha akaweka sharti: kichwani mwa gitaa liandikwe jina la kiwanda cha Marekani, naye atatoa mara tatu ya bei ile. Fundi wa mabango ya maduka angeliandika jina hilo kwa nusu saa.

Kijana alinijia jioni. Alikuwa na deni la karo, na tarehe ya mtihani ilikuwa inakaribia. "Mwalimu," alisema, "ni herufi chache tu. Mbao zitakuwa zile zile, na sauti ile ile."

Nakiri kwamba sikumjibu papo hapo. Nilikumbuka fedha zangu. Bei kubwa ingelipa karo yake na mkopo wangu kwa siku moja, na hakuna ambaye angejua. Nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mwalimu kunyamaza. Kisha nikamsimulia habari ambayo nilikuwa nimeisoma juu ya gitaa lile lile aliloliiga.

Gitaa la Leo Fender halikuitwa Telecaster hapo mwanzo. Liliitwa Broadcaster. Mapema mwaka 1951 kampuni nyingine, iitwayo Gretsch, ilimpelekea habari kwamba jina la matamshi hayo hayo lilikuwa lake, likitumika kwa ngoma zake. Fender hakushindana. Jina jipya lilikuwa halijapatikana, wala kazi ya kiwanda haikuweza kungoja. Basi wafanyakazi walishika mikasi, wakalikata neno Broadcaster katika vibandiko, wakabakiza jina la kiwanda peke yake. Kwa miezi kadhaa magitaa yale yalitoka kiwandani bila jina la aina yake, mpaka lilipopatikana jina la Telecaster. Leo hayo yasiyokuwa na jina hutafutwa na wakusanyaji kwa bei kubwa mno.

"Basi kichwa kibaki kitupu?" kijana aliuliza.

"Kama chao kilivyobaki," nilimjibu.

Alikwenda zake bila kuniahidi neno. Asubuhi alinieleza kwamba mnunuzi amekwisha kuambiwa, naye amekwenda zake. Majuma manne yalipita kabla ya kupatikana mnunuzi mwingine, kundi la vijana waimbaji, nao walitoa bei ya kwanza, isiyo na nyongeza. Fedha zile zilitosha nusu ya karo. Nusu nyingine aliitafuta wakati wa likizo kwa kupiga randa Kibuye kwa yule yule seremala aliyetuuzia mbao. Mkopo wangu aliulipa kidogo kidogo, na senti za mwisho alizileta mwaka uliofuata, amekwisha kuwa mwalimu. Sisemi, basi, kwamba ukweli hulipa upesi. Katika jambo hili ulichelewa sana, na njiani ulimchosha kijana mwema.

Lakini natupime pande zote mbili. Umbo la gitaa lile alilitoa kwa mwingine, na hilo hakulificha. Leo Fender naye alijifunza kwa waliomtangulia, na wapigaji wa benga walijifunza kwa santuri na kwa nyatiti. Hakuna fundi aliyezaliwa na kipimo mkononi. Aigaye ili ajue huongeza kitu duniani: mkono wake umekuwa na ujuzi ambao jana haukuwa nao. Aigaye ili adanganye hupunguza vitu viwili kwa pigo moja. Humwibia mwenye jina jina lake, na hujiibia mwenyewe kazi yake. Kwa sababu gitaa likisifiwa, sifa itakwenda California, na mikono iliyohesabu mizunguko elfu tano haitatajwa milele. Herufi zile chache zingaliufuta usiku ule wote.

Wewe msomaji ukiwa darasani waweza kudhani historia ni mambo ya watu wakubwa walio mbali. Lakini mvule wa kitanda, spoku ya baiskeli, kanuni ya Faraday, skrubu nne za Fender na vidole vya jathum vilikutana katika karakana ndogo ya chuo kimoja cha Kisumu, na mkutano huo pia ni historia. Itaandikwa vizuri au vibaya kwa kadiri tutakavyokuwa wakweli juu ya nani alifanya nini.

Gitaa lile lingali linapigwa. Kichwa chake hakijaandikwa kitu. Nimewasikia watu wakiwauliza wale vijana waimbaji, baada ya wimbo, gitaa lao ni la wapi, nao hujibu bila kufikiri, "La Kibuye."